Kabla hujamwambia hana taimingi, angalia draiva

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu huu wa barua kuna mzee mmoja aliandika kwa uchungu kwamba vijana wa saivi hawajui kuimba, hawakai kwenye biti, na kwamba studio za mitaani zinaharibu muziki wetu kwa sababu kila mwenye leptopu anajiita prodyuza. Ile barua nimeisoma mara mbili. Uchungu wake naujua na kuna mahali ana haki kabisa, nyimbo nyingi kweli zinatoka sauti inaburuzwa nyuma ya ngoma. Lakini mzee wangu sababu sio hiyo uliyoitaja, au tuseme sio hiyo peke yake, na mimi ambaye nimekaa kwenye hizi studio za chumba kimoja miaka kumi na mbili sasa naomba nafasi niseme ninachokijua, maana kuna watoto wanakatishwa tamaa kwa kosa ambalo sio lao.

Kosa lenyewe limekaa ndani ya kompyuta na linaitwa draiva.

Mwezi uliopita dogo mmoja mwenye studio huku kwetu Mbagala alinipigia simu, kaka njoo unisaidie, nina binti hapa anaimba singeli, sauti anayo lakini biti inamkataa, leo siku ya tatu. Nikaenda. Chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani, feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki, joto usiseme, lakini vifaa ni vizuri tu, leptopu ya i5, maiki ya kondensa, saundi kadi ya USB (kile kifaa cha kuunganisha maiki na hedfoni na kompyuta) yenye matundu mawili ambayo aliinunua Kariakoo kwa pesa ya kujibana mwaka mzima. Binti ana miaka kumi na tisa, nimemkuta amekaa juu ya ndoo amejiinamia, macho mekundu. Alishalipa elfu thelathini yake na wimbo haupo.

Nikamwambia dogo usiseme kitu, acha kwanza nimsikilize. Binti akavaa hedfoni, biti ikaachiwa, spidi 240 kwa dakika, akaingia mistari miwili vizuri, wa tatu akaanza kuvuta, wa nne ameshaachwa. Akarudia, yale yale. Mara ya tatu ndo nikaona kitu, aliisukuma hedfoni ya upande wa kushoto ikakaa nyuma ya sikio, na pale pale akakaa kwenye biti kama amepigiliwa misumari. Dogo akamwambia vaa vizuri sauti inavujia kwenye maiki, akavaa, akapotea. Akasukuma tena, akarudi.

Huyo binti taimingi anayo. Akijisikia kwa hewa ya chumbani anaimba, akijisikia kupitia kompyuta anapotea, kwa sababu kompyuta inampa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa, na mtu akisikia sauti yake inamjia nyuma hata awe gwiji wa wapi atapunguza mwendo ili aisubiri. Hata kwenye simu ukisikia mwangwi wa sauti yako unaanza kugugumia, ni kitu hicho hicho.

Nikabonyeza F10 kwenye FL Studio, programu yake ya kurekodia, mipangilio ikafunguka nikaingia upande wa Audio. Nikakuta vitu viwili. Cha kwanza draiva iliyochaguliwa ni ASIO4ALL wakati saundi kadi yake ina draiva yake yenyewe iliyotengenezwa na kampuni yake, hakuwahi kuishusha hata siku moja, alichomeka USB, sauti ikatoka, akajua imeisha. Cha pili bafa imewekwa sampuli 2048.

Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndo penyewe.

Draiva ni mkalimani, anasimama kati ya programu unayorekodia na saundi kadi yenyewe. Na bafa ni ndoo. Sauti haipiti mojamoja kama maji ya bomba, inakingwa kwanza mpaka ndoo ijae ndo inabebwa. Ndoo kubwa inachukua muda kujaa kwa hiyo unasubiri, lakini mbebaji anatembea taratibu bila haraka. Ndoo ndogo inajaa fasta, hausubiri, ila mbebaji inabidi akimbie, na akichelewa kurudi maji yanamwagika, na huko kumwagika ndo ile mikwaruzo na kukatakata mnayoisikia. Sampuli ni vipande vidogo vidogo vya sauti ambavyo kompyuta inapima kimoja kimoja. Kompyuta ikirekodi kwa sampuli 44100 kwa sekunde, bafa ya 2048 ni milisekunde 46 hivi. Na sauti inapita mara mbili, inaingia kutoka kwenye maiki na inatoka kwenda kwenye hedfoni, kwa hiyo weka milisekunde 93 na bado hujahesabu muda wa saundi kadi yenyewe. Sasa piga hesabu ya singeli. Biti 240 kwa dakika maana yake kila pigo ni milisekunde 250, ukiligawa mara nne kila kipande ni 62 na nusu. Yaani yule binti alikuwa anasikia sauti yake imechelewa kupita kipande kizima na kuingia kipande kinachofuata. Nani ataimba hapo? Kwenye wimbo wa taratibu wa mapenzi ungeweza kujikongoja, kwenye singeli hapana.

Dogo akaniambia kaka nilipandisha bafa kwa sababu ilikuwa inakwaruza, video niliyoangalia walisema pandisha. Simlaumu. Walimwambia ukweli nusu, kupandisha bafa kunaondoa mikwaruzo ila hawakumwambia bei yake.

Kwa nini Windows ina draiva nyingi hivi mpaka mtu anachanganyikiwa? Kwa sababu kila moja ilizaliwa kwa shida yake. MME ni ya zamani, ya mwaka 1991, enzi hizo kompyuta inatoa milio na miziki ya kawaida tu, hakuna aliyekuwa anafikiria mtu ajisikilize anaimba humo. Ikaja DirectSound katikati ya miaka ya tisini kwa ajili ya magemu. Zote hizi sauti yako inapitia kwenye mchanganyiko wa Windows, kule kule mlio wa meseji unakopita, na foleni yake ni ndefu. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Hamburg Ujerumani, hao hao wa programu ya kurekodia ya Cubase, wakatoa ASIO, ambayo inaipa programu ya muziki njia yake ya pembeni moja kwa moja mpaka kwenye saundi kadi bila kupita kwenye ule mchanganyiko. Baadaye Microsoft wenyewe wakaleta WASAPI pamoja na Windows Vista, na hiyo ukiiweka kwenye hali ya kuitumia peke yako bila programu nyingine sio mbaya hata kidogo. Lakini kwa kurekodi mtu anayejisikiliza, mpaka leo kama saundi kadi yako ina ASIO yake ya kampuni, hiyo ndo ya kuchagua. Sina wasiwasi kwenye hili.

ASIO4ALL wengi hawaielewi na wanaitumia vibaya. Ni kazi ya mtu anaitwa Michael Tippach, ni ya bure, na imesaidia vijana maskini dunia nzima, mimi mwenyewe nilianza nayo na namshukuru. Lakini sio draiva ya kifaa chako, inakaa juu ya draiva ya kawaida ya Windows na kuivalisha sura ya ASIO ili programu iikubali. Kama huna saundi kadi, unatumia ile ya ndani ya leptopu, itumie bila aibu. Kuna saundi kadi za bei ya chini pia ambazo kampuni haikuzitengenezea ASIO yake, hapo pia itumie. Ila kama umeshatoa laki kadhaa kununua kifaa chenye draiva yake halafu unaendesha kwa ASIO4ALL, umenunua pikipiki unaisukuma kwa mguu. Na ile FL Studio ASIO inayokuja na programu yenyewe uzuri wake unaweza kusikiliza YouTube huku biti ipo wazi, kwa kutengeneza biti inafaa sana, nakubali. Kwa kuingiza sauti hamia kwenye ya saundi kadi.

Halafu jihadhari na majina. Kwenye Cubase za zamani kuna kitu kinaitwa ASIO DirectX Full Duplex Driver, mtu akiona neno ASIO anachagua anafurahi, kumbe ni DirectSound ile ile imevaa kanzu ya ASIO na ucheleweshaji wake ni mkubwa. Nimeikuta kwenye studio ya kwaya moja Temeke, kwaya nzima ya watu wazima wanalaumiana sauti ya pili inachelewa, wamefika mpaka kununiana.

Turudi kwa binti. Tukasubiri bando la dogo, tukaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza ile saundi kadi, sio hizi tovuti za draiva za ovyo zinazokujazia matangazo, tukashusha, tukainstoo, tukazima na kuwasha mashine. F10, tukachagua draiva yenye jina la kifaa chake, bafa tukaishusha mpaka 128. Hiyo ni milisekunde kama 3 kwa upande mmoja. Biti ikaachiwa na mikwaruzo ikaanza, dogo akaniangalia kama anasema si nilikwambia.

Ndo hapo watu wengi wanakata tamaa na kurudi 2048, na hapo hapo ndo panatakiwa uvumilivu, maana mikwaruzo ina sababu na sababu zinatafutika. Ya kwanza leptopu ilikuwa kwenye betri, umeme ulikatika saa nne, na leptopu ikiwa kwenye betri inajipunguzia kasi ili chaji idumu. Tukaingia kwenye mambo ya pawa tukaweka ile ya nguvu zote. Ya pili saundi kadi ilikuwa imechomekwa kwenye kigawanyio cha USB pamoja na mausi na fleshi na chaja ya simu, tukaichomeka moja kwa moja kwenye mashine. Ya tatu Wi-Fi. Watu hawaamini hii lakini draiva ya Wi-Fi inaweza kuishika prosesa kwa kitambo kidogo kila mara, kitambo ambacho wewe ukiperuzi hukioni ila bafa ya 128 inakiona vizuri sana. Kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon ukiiacha ikimbie dakika chache inakuonyesha draiva gani ndo inayosumbua. Tukazima Wi-Fi. Ya nne dogo alikuwa ameshaweka limita na maplagini mazito (programu ndogo za kupamba sauti) kwenye masta, njia ya mwisho ambayo sauti zote zinapita, kabla hata sauti haijaingia, na baadhi ya hizo zinachungulia sauti mbele kabla ya kuikata kwa hiyo zinaongeza ucheleweshaji wake zenyewe hata draiva iwe nzuri vipi. Tukazizima zote. Miksi inakuja baadaye, na ukifika kwenye miksi hapo ndo upandishe bafa 1024 au hizo 2048 zako, hakuna mtu anaimba, hakuna anayeumia.

Mikwaruzo ikaisha. Nikachukua waya mfupi, nikaunganisha tundu la kutolea na la kuingizia, nikarekodi mlio wa metronomu unazunguka wenyewe, tukavuta picha ya wimbi karibu kabisa mpaka sampuli zinaonekana mojamoja, tukahesabu umbali kati ya mlio wa asili na ule uliorudi. Sampuli 440 na kitu. Hiyo ni milisekunde 10 kwenda na kurudi kila kitu ndani. Sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa mpiga ngoma, na hakuna mtu aliyewahi kushindwa kuimba kwenye kigodoro kwa sababu spika ipo mita tatu. Hilo jaribio la waya naomba kila mwenye studio alifanye hata mara moja maishani, ni bure na halidanganyi, wakati namba inayoandikwa na draiva yenyewe wakati mwingine sio kweli. Na draiva ikiidanganya programu, sauti iliyorekodiwa inawekwa nyuma ya mahali pake hata kama mwimbaji aliimba sawasawa. Huo ni ugonjwa wa pili tofauti na ule wa kujisikia umechelewa, mzee wangu huenda nyimbo nyingi unazozisikia zinaburuza ni huu.

Binti akavaa hedfoni zote mbili. Mistari minne, nane, kumi na sita. Akamaliza beti nzima akafungua macho akamwangalia dogo, kaka hapo vipi? Dogo akanyamaza kidogo, halafu akamwambia nisamehe dada. Ndivyo alivyosema, nisamehe dada, nilikuwa nakulaumu bure. Nimefurahi sana kwa lile neno kuliko hata ule wimbo.

Kwa ambao mashine zao hazina nguvu kabisa na 128 haiwezekani hata ufanyeje, msihangaike. Saundi kadi nyingi zina swichi au kinobu cha kujisikiliza moja kwa moja, sauti ya maiki inatoka kwenye saundi kadi inaingia kwenye hedfoni bila kupita kwenye kompyuta. Iwashe hiyo, halafu kwenye programu ile njia ya maiki usiisikilize, isije ikawa mwimbaji anajisikia mara mbili. Hatasikia riva (ule mwangwi wa kupamba sauti) wala otochuni (ile ya kunyoosha sauti) wakati anaimba na wengi wao hawataki hivyo, wanataka wajisikie kama wimbo umeshatoka, lakini mweleze kwa upole atakuelewa. Na hedfoni za Bluetooth kwa kurekodi hapana, hata za bei kubwa, zenyewe tu mara nyingi zinachelewesha zaidi ya milisekunde 100 na hakuna draiva itakayokuokoa.

Wenye Mac hili haliwahusu sana, wana Core Audio iliyojengwa ndani na ASIO hawaihitaji, ila hesabu ya bafa ni ile ile. Wa Linux wanajua JACK na PipeWire zao.

Jambo moja dogo lakini limewaliza watu, spidi ya sampuli. Kama projekti ipo 44100 basi na saundi kadi iwe 44100, kama unafanya kazi ya video weka 48000 kote. Nimeletewa wimbo wa harusi sauti imepanda kidogo na imekimbia kuliko biti, mwenyewe kahangaika na otochuni usiku kucha kumbe namba mbili hazikufanana.

Sasa ndugu zangu mnaouza hivi vifaa, nawaomba sana. Kijana akija na pesa yake aliyoikusanya kwenye bodaboda au kwenye saluni, akanunua saundi kadi, usimwambie chomeka tu inakubali. Mwambie kuna draiva yake kwenye tovuti ya kampuni. Ukiweza mshushie wewe umwekee kwenye fleshi, wengi bando la kushusha vitu vikubwa hawana, na ni dakika tano za muda wako. Niliponunua ya kwangu ya kwanza niliambiwa hivyo hivyo chomeka inakubali, nikakaa nayo karibu mwaka na nusu nikiamini mimi ndo sina sikio la muziki. Nilikuwa nimeanza kuacha.

Na prodyuza wenzangu, mwimbaji akipotea usikimbilie kumwambia rudia. Akisukuma hedfoni pembeni muangalie, anakwambia kitu ambacho hana jina lake. Bonyeza F10 kwanza.

Mzee wangu wa wiki iliyopita, nakukaribisha Mbagala siku yoyote, nitakuwekea rekodi ya yule binti siku ile ya tatu kabla sijagusa draiva na ile ya siku hiyo hiyo saa mbili baadaye, zote ninazo, usikilize mwenyewe.

Ahsante Mhariri kwa nafasi.

Msomaji wenu, fundi wa studio
Mbagala, Dar es Salaam